Maneno Yaliyobaki kwa Euphrasie

Mwezi wa nane mwaka 1957 Euphrasie Bulonza alikuwa na miaka ishirini na sita, na sauti ilikuwa imemkauka. Alifundisha darasa la tatu katika shule ya wasichana ya masista, pale Nyalukemba. Likizo kubwa ilipofika, masera mkuu, sista Mbelgiji aliyeongoza shule, alimketisha pembeni yake ofisini kupokea wazazi walioleta mabinti kuomba nafasi ya sekondari. Kiswahili cha masera kiliishia kwenye salamu, na wazazi wengi hawakujua Kifaransa. Kila neno kati yao lilipita mdomoni mwa Euphrasie.

Siku ya kwanza alitafsiri yote. Kufikia ya nne alikuwa amezoea kufupisha. Mama angeeleza safari, msiba na mihogo iliyoliwa na nguruwe, naye angesema kwa Kifaransa, "Anaomba nafasi." Foleni ilisogea. Masera aliridhika, na Euphrasie mwenyewe aliona anasaidia.

Jumatano ya juma la pili, karibu na saa sita, aliingia Tambwe, mchimbaji wa dhahabu kutoka Mwenga, na binti yake Apolline wa miaka kumi na minne. Walikuwa wamesafiri siku mbili juu ya lori. Vumbi lilikuwa bado kwenye nyusi zao. Tambwe alishika kofia kwa mikono miwili akaanza kueleza habari za surua, hospitali ya machimbo, usaha uliotoka wiki nzima.

"Sasa, Maman, mutoto iko anasikia na sikio moja tu, ya kuume. Ile ya kushoto ilikufa. Uambie masera amuulize upande huu."

Euphrasie alikuwa anatazama watu waliobaki mlangoni. Alishika "surua" na "hospitali", mengine yalimpita.

"Anasema mtoto aliugua zamani, amepona," akamwambia masera.

Tambwe akarudia, safari hii akigusa sikio la binti.

"Nimekwisha sema, papa," Euphrasie akamkatisha.

Mabinti masera aliwauliza mwenyewe, kwa Kifaransa walichojifunza shuleni. Alikuwa na sauti ndogo, na alikaa upande wa kushoto wa msichana. Upande wa kuume kulikuwa na dirisha wazi, na nje wazazi walikuwa wanapiga kelele. Apolline alijibu swali la kwanza visivyo. La pili alikisia. Baada ya hapo alinyamaza, macho yake kwenye midomo ya masera. Masera aliandika kwenye daftari kwamba mtoto ni mzito wa akili.

"Hakupita, papa," Euphrasie akasema. Tambwe aliinamisha kichwa, wakatoka.

Walisahau cheti cha shule ya msingi mezani. Euphrasie aliwafuata nacho uani, akaita, "Apolline!" Msichana hakugeuka. Akaita tena, akiwa nyuma yake hatua tatu, upande wa kushoto. Baba ndiye aliyegeuka, akamgusa binti bega la kuume. Hapo maneno yote ya Tambwe yakamrudia Euphrasie, moja moja, kama alivyoyasema.

"Papa, ulisema sikio..."

"Nilikuambia, Maman. Mara mbili." Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, kama Euphrasie mwenyewe.

Angeweza kuwapa cheti wakaenda. Alisimama kidogo na karatasi ile mkononi, kisha akasema, "Mungoje hapa," akarudi ofisini.

Masera alikuwa anafuta miwani. Euphrasie alimweleza akiwa amesimama.

"Kwa nini hukuniambia?" masera akauliza.

"Sikumsikiliza."

"Na wale wa jana? Wa juzi?"

"Wengine pia."

"Wangapi?"

"Sijui, masera."

Masera alivaa miwani yake. "Na mimi niliona maneno mengi yanageuka machache," akasema mwisho, "sikuuliza." Akafunga dirisha, akahamisha kiti chake. "Waite."

Apolline alijibu maswali yote isipokuwa moja la mito ya Ulaya. Alipewa nafasi. Tambwe hakushukuru sana. Aliuliza tu sare inashonwa wapi, akaenda Bagira kwa dada yake kulala kabla ya kutafuta lori la kurudi.

Siku zilizobaki Euphrasie alitafsiri kila kitu. Kabla ya kumgeukia masera alimwambia mzazi, "Nimeelewa hivi. Ni hivyo?" Mara nyingi haikuwa hivyo. Foleni ilikwenda polepole, watu wakamnung'unikia, na masera akalazimika kuongeza siku mbili.

Wale wa mwanzo hawakumtoka akilini. Alijaribu kukumbuka nyuso zao. Tatu tu zilimjia, na akamwomba masera aandike barua kwa parokia zao. Mbili hazikujibiwa. Ya tatu ilikwenda Minova, kwa padri wa mama mmoja aliyezungumza kirefu huku akilia, naye Euphrasie akamtafsiri kwa maneno mawili. Padri alijibu mwezi wa kumi: binti amekwisha olewa, mama yake alikuwa amekuja kuomba shule impokee kabla wajomba hawajapokea mahari.

Euphrasie aliisoma barua hiyo mara moja, akairudisha kwa masera. Kisha akaenda darasani, kwa sababu kengele ilikuwa imelia na watoto walikuwa wamekwisha simama wakimngoja.