Udongo Uliokataa Maji

Mimi, bwana shamba, niwaambie wakulima waache kuchoma majani, wakati mkubwa wangu Mwingereza ameagiza yachomwe? Swali hilo lilininyima usingizi tangu nilipoona, kwenye shamba lililochomwa kule Ngaramtoni, maji yakiteleza juu ya udongo mkavu huku miche ya kahawa ikinyauka.

Nilishayaona hayo utotoni, mchana mmoja, shambani kwetu mlimani Meru. Mama alikuwa amechoma magugu, na harufu ya moshi ilikuwa haijaisha. Nilimwagilia mche kwa kibuyu; maji yakawa matone kama shanga, yakabingirika. Nikalia.

“Mama, udongo umenikasirikia!”

“Labda hujauamkia,” alisema akicheka.

“Shikamoo, udongo.”

Mama akauchimbua kwa jembe, akatandaza majani ya migomba, akanyunyiza maji kidogo, akangoja, akaongeza. Udongo ukanywa, ukitoa sauti ndogo. Nikaamini ni shikamoo yangu.

Sasa najua moto huacha mafuta ya majani yakigandia chembe za udongo, maji yasipenye. Asubuhi nilirudi Ngaramtoni, nikawaambia wakulima wasichome tena, kisha nikaenda ofisini kumweleza mkubwa mimi mwenyewe, kabla hajasikia kwa mwingine.