Moto Aliouwasha Mjomba

Asubuhi ile maziwa yangu hayakuja. Nilikuwa nimeketi sokoni Garissa na wanawake wenzangu tunaouza maziwa ya ngamia. Gari lilipofika kutoka malishoni, wenzangu waliinuka wakachukua jerikani zao. Mimi nikabaki nimeketi. Dereva aliniita pembeni. Kwa kawaida ni mtu wa utani, hata bei ya mafuta ikipanda hupata la kuchekesha. Siku hiyo alisema tu, "Dada, nyasi zimeungua kule kwenu. Panda gari."

"Dada yangu yuko wapi?"

"Panda gari," akasema tena.

Kabla ya kupanda nilimwachia jirani yangu kopo la kupimia. Nilimweleza wateja wangu ni akina nani, yupi hutaka maziwa mabichi na yupi hutaka yaliyoganda. Nilieleza kwa utaratibu kabisa, bila kukosea. Watu baadaye walisema nilikuwa na subira. Haikuwa subira. Ukilalia mkono usiku kucha, asubuhi unauona ni wako lakini ukiufinya huhisi kitu. Ndivyo nilivyokuwa, na kwa kiasi kikubwa ndivyo nilivyo hadi leo.

Dada yangu alikuwa mkubwa wangu. Baada ya mumewe kufariki alibaki malishoni na ngamia na mbuzi wetu, mimi nikawa mjini, nyumba ya mabati mtaa wa Galbet. Yeye akikama, mimi nikiuza. Tulipigiana simu kila jioni akipanda kichuguu fulani penye mtandao. Hakupenda mji. Alisema mjini hata mbuzi wana wasiwasi.

Mwaka huo mvua ilikuwa imenyesha vizuri na nyasi zilisimama hadi kiunoni, kisha jua likazikausha. Kwetu nyasi kavu ni akiba. Ndizo zinazovusha mifugo hadi mvua nyingine. Lakini upande wa Wajir mvua ilikuwa imewanyima, na wafugaji wa huko wakashuka na ngamia wao wakaomba malisho. Wazee wetu wakawakubalia. Mjomba wetu hakukubali. Ni ndugu wa mama yetu, nasi tulimwita abti, kama kila mtoto wa Kisomali anavyomwita mjomba wake. Alisema wageni wakishaonja nyasi hawaondoki.

Tulipofika kule, nchi yote ilikuwa nyeusi. Dereva alizima redio. Mashina ya miti yalikuwa bado yanatoa moshi, na hewa ilinuka manyoya yaliyoungua. Wanaume walikuwa wamekaa chini, nyuso zimejaa masizi, matawi waliyopigia moto bado yako mikononi. Baadhi yao walikuwa wageni wale wa Wajir. Walikuwa wamemwaga maji yote ya ngamia wao kwenye moto.

Mwanamke jirani wa dada yangu alinishika mkono akanisimulia. Moto ulikuwa mbali, ukielekea kaskazini, kisha upepo ukageuka. Dada yangu alikuwa ametoka salama pamoja na wenzake. Akakumbuka vitoto vya mbuzi viko ndani ya boma la miiba. Akarudi kulifungua. Vitoto vilitoka, karibu vyote. Yeye alizidiwa na moshi.

"Nilimwita," yule jirani alisema. "Nilimwita mpaka sauti ikakauka."

Nilimwambia asante. Sijui kwa nini nilimshukuru. Walikuwa wameshamwosha na kumkafini, wakinisubiri mimi. Nilimwona uso. Tulimzika kabla ya alasiri. Sikulia. Wanawake walinitazama wakingoja nilie ili nao walie zaidi, na mimi nikawa natafuta mahali kiatu changu kimoja kilipoangukia.

Siku za matanga hakuna aliyetaja moto umetoka wapi. Mjomba alikuja, akakaa na wanaume, akala kidogo, akaondoka. Yule jirani ndiye aliyeniambia. Siku kadhaa kabla, mjomba alikuwa amesema waziwazi kwenye hoteli ya chai kituoni, mbele ya watu, "Nyasi zikiteketea, watarudi walikotoka." Habari zilimfikia dada yangu, akaenda kwake, na huyu jirani akafuatana naye.

"Alimjibuje?" nikauliza.

"Alimwambia, 'Rudi nyumbani, mwanangu. Nitachomaje malisho ya mama yako?' Akatupa chai. Tukarudi."

Chifu aliitisha mkutano katika darasa la shule ya msingi, kwa sababu nje jua lilikuwa kali. Wazee walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewapanda kifuani. Wageni wa Wajir walisimama ukutani kwa kuwa minong'ono ilikuwa imeanza kwamba wao ndio waliochoma. Mzee wao alisema, "Mngetuambia tuondoke, tungeondoka. Nani huchoma chakula alichosafiri kukifuata?"

Wanawake tulikuwa nyuma, karibu na mlango. Nilisikia sauti ikiuliza, na ilikuwa yangu. "Nina swali moja. Aliyesikia hotelini maneno ya kuchoma nyasi, asimame."

Mzee mmoja akasema, "Binti, hayo tutayafikia."

"Asimame tu," nikasema.

Mwenye hoteli akasimama. Akafuata mwalimu. Akafuata mtu wa bodaboda, na baba wa yule jirani, na imamu wetu mwenyewe, ameinamisha kichwa. Madawati yalikuwa yakigonga sakafu, moja baada ya jingine. Karibu nusu ya wanaume walikuwa wima. Imamu alisema polepole, "Nilidhani ni hasira tu. Nilidhani mwingine atamzuia."

Wa mwisho kusimama alikuwa mjomba. "Niliuwasha mimi," alisema. "Upepo ulikuwa unakwenda kwao." Akanitazama. "Wallahi, ulikuwa unakwenda kwao."

Nilitaka kumchukia. Nilingoja chuki ije kama mtu anavyongoja chafya. Haikuja.

Wanawe wenyewe ndio waliompeleka polisi. Wazee walipatana juu ya ngamia wa fidia, nikaitwa nikaulizwa kama nimeridhika, nikasema nimeridhika. Kesi iko mahakamani Garissa na huahirishwa mara kwa mara. Siku moja nilimkuta mjomba kwenye korido, ameketi kwenye benchi na askari, kanzu imemlegea. Alinitazama akauliza, "Umekula?" Ndivyo alivyotusalimu tangu tukiwa wadogo.

"Nimekula, Abti," nikasema. Nikaingia ndani nikakaa.

Mvua iliporudi, nyasi ziliota nzito kuliko mwanzo. Watu walisema majivu ni mbolea, kisha wakiniona wananyamaza. Mkutano ulikuwa umeamua kwamba kila nyumba itoe mtu wa kufyeka ukanda mpana kuzunguka malisho, moto ukija usipate pa kupita. Na anayesikia mtu akitishia kuchoma amwendee chifu siku hiyo hiyo, awe ni jamaa yake au si jamaa. Nyumba ya dada yangu haikuwa na mtu tena, kwa hiyo mimi hutoka mjini kwenda kufyeka. Wa Wajir waliobaki nao hufyeka. Mikono yangu imeota sugu.

Juzi tukiwa kazini tuliona moshi. Hakuna aliyeuliza ni wa nani. Tulikimbia wote na matawi, imamu akiwa mbele amepandisha kanzu yake. Tulikuta tanuri la makaa limepasuka upande mmoja na moto unalamba nyasi. Mchoma makaa alikuwa mtu mzima, peke yake, anatupia mchanga kwa mikono. Tulipiga moto ule hadi ukafa. Alidhani tutampiga na yeye, akakaa chini akafunika kichwa.

"Inuka," imamu alimwambia. "Lete jembe."

Tulifukia tanuri lake lote kwa udongo, naye akisaidia. Kisha tukaketi kulizunguka, maana moto wa makaa hujificha. Mmoja wetu aligawa tende. Kila baada ya muda niliweka kiganja juu ya udongo, nikausikia bado una joto, nikasema, "Bado." Tukaendelea kukaa.