Jina la Tatu la Binti

Nilipostaafu kufundisha shule ya msingi, nilidhani nimemaliza kupigia watu kelele. Kumbe wapi. Sasa nafundisha watu wazima kusoma na kuandika hapa Isiolo mjini, kila alasiri watoto wakishatoka darasani. Wanafunzi wangu hukaa kwenye madawati madogo, magoti yakikaribia kidevu. Nawapenda kwa sababu hakuna aliyelazimishwa kuja.

Sheria yangu ilikuwa moja: ukishaandika, simama usome kwa sauti. Hapo ndipo nilipokosana na mama mmoja wa Kiborana, muuza maziwa ya ngamia aliyehamia mjini kutoka Korbesa. Mumewe alikuwa na mifugo upande wa Sericho. Mama alikuja kwangu kwa jambo moja tu: binti yake alikaribia kuingia sekondari, na alitaka kuijaza fomu ya shule kwa mkono wake mwenyewe. Miaka ya nyuma, alipompeleka mtoto huyo kuandikishwa darasa la kwanza, karani alimwuliza majina yote matatu ya mtoto. Alitaja mawili, akanyamaza. Karani alicheka, akamwambia aende akamlete mwenye mtoto. Akarudi na shemeji yake.

Alijifunza upesi, na mwandiko wake ulinifurahisha. Lakini kila nilipomsimamisha asome jina kamili la binti, alisoma la kwanza, la pili, kisha kimya. Mara ya tatu uzalendo ukanishinda. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba hajui kusoma, anachora tu.

Alivuta shela yake, akanijibu bila hasira. "Mwalimu, kusoma naisoma. Lakini hiyo ni jina ya baba ya mzee yangu. Mdomo yangu haiwezi kuitaja."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi Mmeru niliyezeeka katika mji huu, nanunua maziwa yao kila asubuhi, sikujua kwamba mke kwao hataji jina la baba mkwe. Kuuliza si ujinga, nimewaambia watoto wa watu miaka yote, na mimi mwenyewe sikuuliza. Nilimwomba radhi palepale, mbele ya walewale waliosikia nikimtukana. Mwanafunzi mwingine, mlinzi mzee, Mborana mwenzake, akasema wahenga walikataza mdomo tu, kalamu hawakuijua. Tukacheka sote, hata yeye.

Siku ya kumpeleka binti sekondari, mama aliniomba nimsindikize, kwa sharti nisiseme neno. Kwa mtu kama mimi hiyo ni adhabu, lakini nilikubali. Karani, kijana mwenye haraka, akauliza majina matatu ya mwanafunzi huku akishika kalamu tayari. Mama alitaja mawili. Karani akasubiri, akamtazama, kisha akanigeukia mimi. Niliuma ulimi.

Mama alinyoosha mkono, akaomba kalamu na ile fomu. Aliandika taratibu, herufi moja baada ya nyingine, mpaka jina la tatu likakamilika. Kisha akamrudishia.

Karani aliyasoma yote matatu kwa sauti. Liliposikika la baba mkwe, mama aliinamisha kichwa kwa heshima. Halafu akakiinua, akamtazama karani.

"Ndiyo," akasema. "Huyo ni mtoto yangu."