Gari la Rangi ya Dang'a

Siku ya kwanza niliona miguu yake tu. Ilikuwa na gambuti za kijani, imetokeza chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki na matofali, ndani ya gereji ya nyumba moja ya Mountain View. Peres, mwenye duka la rangi kule Kangemi, alikuwa ameniambia kuna mtu anatafuta fundi wa kupaka gari rangi. Nilisimama mlangoni muda mrefu nikitafuta sauti. Mimi si mtu wa maneno. Mwishowe nikasema, "Habari ya asubuhi, mzee."

Miguu ikatulia.

"Mzee alikufa mwaka wa tisini na nane," sauti ya mwanamke ikajibu kutoka chini ya gari. "Nikuitie?"

Nilitaka kukimbia. Lakini alikuwa ameshajivuta nje, mama wa miaka sitini na kitu, kitambaa kichwani, grisi shavuni, spana mkononi. Akanitazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Wewe ndiye fundi wa Peres?"

"Ndiyo, Mama."

"Jina?"

"Joash."

"Unaongea kidogo, Joash. Ni sawa. Wa kuongea hapa yuko."

Hivyo ndivyo nilivyomjua Wangeci, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Gichuru. Ilikuwa Julai, mwaka wa 2006.

Gari lenyewe lilikuwa Pijo 404 ya mwaka wa 1967, ile ndefu yenye mlango wa nyuma. Marehemu Ndegwa, mume wake, alilinunua likiwa jipya, na kwa miaka mingi wawili hao walibeba maziwa ndani yake, kutoka kwao Kabete hadi mahoteli ya mjini. Ndegwa aliendesha, Mama Gichuru alishikilia mikebe isimwagike. Ndegwa hakumruhusu mtu yeyote kugusa usukani. Kisha akaugua mgongo, na kwa miezi minne mke wake akaendesha gari hilo kila alfajiri, bila leseni, akiwa amevaa koti na kofia ya mumewe ili polisi wasimsimamishe. Aliponisimulia hayo alicheka hadi akashika ukuta.

"Hao polisi walikuwa wananipigia saluti, Joash! 'Habari, Mzee Ndegwa!' Na mimi nakohoa tu."

Baada ya Ndegwa kufa, gari lilifunikwa turubai likakaa miaka minane. Injini aliifufua mwenyewe, kwa miezi mingi, akiuliza mafundi barabarani na kurudi kujaribu. Mimi niliitwa kwa sababu ya bodi na rangi tu.

Siku yangu ya tatu pale nilijua kwa nini alitaka gari liishe upesi. Gichuru, mwanawe mkubwa, alifika na suti yake kutoka ofisini Westlands. Alitaka gereji ile iwe saiba, watu waingie kutumia intaneti. Nilikuwa nimeinama nyuma ya gari nikipiga msasa, nikasikia kila kitu.

"Mathe, hiyo chuma imekula nafasi miaka minane."

"Hiyo chuma ilikulipia karo."

"Sijakataa. Lakini unasema unaipeleka maonyesho ya magari ya zamani. Hao watu wanakubali gari ikiwa vile ilitoka kiwandani. Viti, rangi, kila kitu. Yako itarudishwa kwa geti."

"Wakiirudisha, ita mtu wa vyuma chakavu na ulete kompyuta zako. Na wakiikubali?"

Gichuru akacheka. "Wakiikubali, ikae. Sitaongea tena."

"Joash, umesikia?"

Niliinua kichwa nyuma ya gari, uso mzima vumbi la buluu. "Nimesikia, Mama."

"Haiya! Kuna mtu huko?" Gichuru akashtuka.

"Ni shahidi," mama yake akasema.

Maonyesho yalikuwa Jumapili ya mwisho ya Septemba, kwenye uwanja mmoja ng'ambo ya Muthangari. Nilifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Nilikata mabati yaliyooza nikaunga mapya, nikanyoosha milango, nikapiga msasa kila pembe na kila mkunjo mpaka chuma kikawa kitupu na safi. Nilijivunia sana usafi ule.

Ndipo nikamuuliza ni rangi gani. Ile buluu niliyokuwa nimeitoa, alisema, ilikuwa ya baadaye. Ndegwa aliipaka miaka ya themanini ili gari lisionyeshe uchafu.

"Ilitoka kiwandani ikiwa rangi ya maziwa," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Mtu mwingine angeuliza swali moja zaidi. Mimi nilienda kwa Peres nikachukua rangi nyeupe. Jumamosi, wakati Mama Gichuru yuko kwenye mazoezi ya kwaya, nilipuliza boneti na milango miwili ya mbele. Ilitoka laini kama sahani. Aliporudi nilisimama kando nikisubiri sifa.

"Ni nini hii?"

"Maziwa, Mama."

"Hii ni maziwa ya paketi!" Akaweka Biblia yake juu ya meza ya spana. "Joash, wewe ulilelewa na ng'ombe ama na duka?"

"Na ng'ombe, Mama. Huko Butere."

"Basi sikia. Siku Ndegwa alipoleta hii gari nyumbani, ng'ombe wetu alikuwa amezaa asubuhi hiyo. Nilikuwa nimemaliza kukamua. Nikaiweka ndoo juu ya boneti nione gari vizuri, na nikaangalia ndani ya ndoo, nikaangalia boneti, sikuona tofauti. Ndiyo maziwa ninayosema."

Nikaelewa papo hapo. Dang'a. Yale maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyetoka kuzaa, mazito, ya manjano hafifu. Mtoto yeyote wa kwetu anayajua, na siku zote ni ya ndama kwanza.

"Si kuna rangi ya zamani imebaki mahali ya kulinganisha?" akauliza.

Haikuwa imebaki. Kibati cha namba ya rangi kilikuwa kimeliwa na kutu zamani. Na rangi yenyewe niliikumbuka vizuri: chini ya buluu, maji ya msasa yalikuwa yamebadilika yakawa mepesi, kama chai yenye maziwa mengi, na mimi nikayamwaga mtaroni bila kufikiri. Nilimwambia ukweli. Nilidhani atanifukuza.

Alikaa juu ya tairi, akafikiri. Kisha akatoa simu yake mfukoni mwa aproni.

"Zimebaki siku nane," akasema. "Tunatafuta ng'ombe."

Alimpigia kila mtu aliyewahi kuuza naye maziwa. Wa Kabete ng'ombe wake alikuwa amezaa wiki tatu nyuma. Wa Kinoo, wake alikuwa amebakisha mwezi. Hatimaye alimpata mwanamke aitwaye Wangui, kule Uthiru, ambaye ng'ombe wake alikuwa karibu kabisa. Siku mbili Mama Gichuru hakutulia. Alikuwa akipiga simu asubuhi, mchana na jioni. "Amezaa? Ai, bado? Mwambie aharakishe!"

Alhamisi, saa tatu asubuhi, simu ikalia. Sikusikia alichoambiwa. Nilisikia kelele tu.

"Joash! Beba rangi!"

Tulikuwa tumekubaliana kwamba dang'a isisafirishwe, kwa maana hubadilika. Nilijaza mikebe kwenye gunia: nyeupe, manjano, nyekundu, nyeusi, thina ya kuzimulia, na vipande vya bati. Tukaifuata Waiyaki Way kwa miguu, yeye mbele na gambuti zake, mimi nyuma nikigongwa mgongoni na mikebe. Sijawahi kukimbizwa na mama wa umri ule. Magari yalikuwa yamesimama kwenye foleni na sisi tukayapita.

Kwa Wangui tulikuta ndama bado ana unyevu, akinyonya. Tulingoja ashibe. Kisha Wangui akakamua nusu kikombe, kikombe cheupe cha bati, akaniwekea juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Nimeona watu wakija kununua maziwa," akasema. "Sijaona wakija kupaka ng'ombe rangi."

"Usimcheke fundi wangu, atatoroka," Mama Gichuru akajibu.

Nilichanganya. Nyeupe nyingi, kijiko cha manjano, tone la nyekundu. Nilipaka batini tukaweka juani, kwa sababu rangi mbichi hudanganya, ikikauka hubadilika. Ya kwanza ilikuwa ya ndizi. Ya pili ilikuwa ya ukuta wa hospitali. Mama Gichuru alikuwa akitikisa kichwa kila mara. Mara ya tatu nikatia nyeusi, kidogo kabisa, kiasi cha kuchovya kijiti. Tukangoja. Ng'ombe alitutazama.

Bati lilipokauka nilichovya kidole kikombeni nikadondosha tone la dang'a katikati ya rangi.

Halikuonekana. Tulijua liko pale kwa sababu ya kung'aa kwake tu.

Mama Gichuru alipiga kelele hadi ndama akaanguka. Alinishika mabega akanizungusha ndani ya zizi, gambuti zikirusha samadi, na mimi, ambaye hata kanisani sichezi, nikacheza.

Ijumaa nilifuta nyeupe yote. Jumamosi tulimwaga maji sakafuni kutuliza vumbi, tukaning'iniza nailoni pande zote, nikapuliza. Tabaka la kwanza, la pili, la tatu. Kila nilipopita na mashine nilikuwa nikiona Pijo ikizaliwa upya mbele yangu. Stima haikupotea hata dakika moja, na kwa Nairobi ya miaka ile hilo nalo ni jambo la kusimuliwa.

Jumapili aliendesha mwenyewe, amevaa suti yake ya kwaya. Safari hii alikuwa na leseni. Gichuru alitukuta getini, mikono mfukoni. Msimamizi wa kukagua magari alikuwa mzee mmoja mwenye mvi, Bwana Odero, fundi mstaafu, mwenye koti jeupe na tochi. Alizunguka gari mara mbili. Aligonga milango kwa kidole. Akasikiliza injini.

"Rangi mmetoa wapi?" akauliza.

Mama Gichuru alinitazama. "Kwa ng'ombe," nikasema.

Gichuru akafunika uso kwa kiganja.

Bwana Odero hakucheka. Aliingia ndani, akafungua kisanduku cha makaratasi kilicho mbele ya kiti cha abiria, akachomoa kadibodi iliyokifunika kwa ndani. Sikuwahi kuitoa. Akamulika. Nyuma yake kulikuwa na chuma ambacho msasa wangu haukufika, wala buluu ya Ndegwa haikufika. Akaniita nichungulie. Ilikuwa rangi ya kiwandani, na pembeni yake ukingo wa mlango nilioupaka jana. Nilijaribu kutafuta tofauti, sikuipata.

"Mama," Bwana Odero akasema, "ingiza gari yako." Akabandika karatasi ya namba kwenye kioo: arobaini na moja.

Mama Gichuru alipiga vigelele hadi wenye magari ya bei kali wakageuka. Gichuru akavua koti la suti, akatoa leso, akaanza kufuta vumbi la barabarani kwenye boneti. Hakusema kitu, kama alivyoahidi.

Jumatatu yake niliitwa Kisumu kwa kazi, na kazi ikazaa kazi, nikakaa huko karibu miaka miwili. Niliporudi Mountain View, Mama Gichuru alikuwa ameshazikwa Kabete. Gichuru ndiye aliyenifungulia gereji. Pijo ilikuwa pale, imeoshwa.

Kwa hiyo aliyoniambia mwisho ni ya jioni ile ya maonyesho. Alinirudisha Kangemi kwa gari, akanikalisha kiti cha nyuma kama bwana mkubwa, akiimba njia nzima. Nilishuka stejini, nikashika mlango, nikatafuta maneno ya kumshukuru, sikuyapata. Akashusha kioo.

"Funga polepole, Joash. Hii gari inakaa."