Kikao cha Kumfukuza Shangazi

Shangazi yangu alipofiwa na mumewe kule Bumula, shemeji zake waliitisha kikao cha kumwondoa shambani. Tena yeye ndiye aliyeambiwa awapikie. Nilitoka Kitale na hasira zangu, nikamkuta ameshachinja jogoo wake wa pekee, na akina mama wa kikundi chake wanachambua mchele kama vile tuna harusi.

"Mbona unalisha watu wanaokufukuza?" nilimuuliza.

"Mgeni ni mgeni," alisema. "Wewe menya vitunguu."

Shemeji mkubwa hakuutegemea ukoo peke yake. Alikuwa amemleta mtetezi wa familia, bwana mmoja wa suti anayezunguka kutoka Endebess hadi Bungoma akihubiri kwamba haki za wanawake zimeletwa na wazungu. Hotuba yenyewe alikuwa ametumiwa kutoka ng'ambo, na aliisoma kwenye simu bila kuruka neno. Alituonya kwamba mwanamke akimiliki ardhi, wanaume ndio watakaobaki kuzoa theluji mlangoni. Wazee wakatikisa vichwa kwa masikitiko.

"Hiyo theluji ni ugonjwa wa mahindi ama?" mmoja alinong'ona.

"Ni ya ng'ombe, nafikiri," jirani yake akamjibu.

Uamuzi ungetolewa baada ya kula. Sasa, kwetu firigisi ya kuku huliwa na mwenye boma, na mwanamke haionji hata kwa ncha ya ulimi. Shangazi aliiweka kwenye kisahani peke yake, akakitua katikati ya meza.

"Mwenye boma ajichukulie," alisema.

Shemeji mkubwa akanyoosha mkono. Mdogo wake akaudaka.

"Si boma lako liko kule chini? Hapa ni pangu. Tuliongea, bana."

Kumbe kila mmoja alikuwa ameshajigawia shamba lile lile. Mtetezi akawakumbusha kwamba heshima hiyo ni ya mgeni, akaambiwa akale theluji. Wakasimama, wakasukumana, hotuba ya familia ikasahaulika kwa sababu ya kinyama kisichojaza kijiko. Nilicheka mpaka nikatoka nje.

Niliporudi, Shangazi alikuwa ameketi kwenye kiti cha marehemu, kiti ambacho hakuwahi kukikalia. Alivuta kisahani, akala. Hakuna aliyemzuia, maana hakuna aliyewahi kuona jambo hilo na kujua huzuiwa vipi.

Mzee wa ukoo akakitazama kisahani kitupu kwa uchungu.

"Mwenye boma amekula," alisema. "Ati sasa tutamfukuza namna gani?"

Waliondoka mmoja mmoja, na shamba hilo Shangazi bado analilima. Lakini tulipokuwa tukiosha sufuria niliona machozi yanamtoka, nikadhani ni furaha.

"Ni ngumu," alisema. "Haina hata utamu. Miaka yote ile nikimwekea marehemu, nilidhani nanyimwa kitu."