Alinifungia chooni siku ya examen, sasa anataka kuniita mama mukwe

Admin, ficha jina langu vizuri, maana hapa Katoyi watu wanajuana hadi rangi ya masufuria.

Niko mama wa miaka makumi tatu na saba, mushonaji, bwana yangu alishakufa. Atelier yangu iko Ndosho. Mama yetu alikufa mudogo wangu wa kike akiwa na miaka mitatu tu. Mimi njo nilimubeba mugongoni, nikamusomesha kwa mashine hii hii. Leo ni mwalimu. Kwa hiyo mukisikia nasema "mutoto wangu", mujue ni yeye, na akisema "Yaya", ni mimi dada yake mukubwa.

Nikiwa mudogo nilikuwa mutoto wa kusifiwa. Sijibu wakubwa, sipigani, sauti yangu haifiki kwa jirani. Wamama wa parokia walikuwa wanasema, "Huyu atakuwa mutawa, masera tu." Na katika darasa letu kulikuwa kijana mumoja, nitamuita Kasereka. Wakasereka wako wengi, hakuna mwenye atamujua. Yule alikuwa shetani mwenye kaptula! Aliiba mandazi ya wenzake, alitupa viatu vya watoto juu ya bati, alivunja kioo cha kanisa. Muzee directeur wa masomo alimuambia mbele yetu sisi wote, "Wewe, mwisho yako ni prison."

Mwaka wa sita, sixième, alitaka akae nyuma yangu akopie examen. Nikakataa. Asubuhi ya examen nikaenda chooni mbele kengele ilie. Nikasikia chuma cha inje kinasukumwa, na kicheko chake. Na mimi mujinga, mutoto wa adabu, munajua nilifanya nini? Nilipiga hodi! Polepole, nisisumbue wenye kuandika. Mama mwenye kufagia alinitoa wakati wenzangu walikuwa wamekwisha kutoka, wanaulizana majibu. Sikumutaja mutu. Papa akasema Mungu hakupenda, na mwaka wenye kufuata ilikuwa zamu ya kaka yangu kusoma. Nilitaka kuwa munganga wa hospitali. Leo napima wamama viuno.

Basi, mwezi uliopita mudogo wangu akaniambia analeta muchumba, mwalimu mwenzake. "Yaya, utamupenda. Ni mupole sana, hata watoto wa darasani hawapigi." Mulango ukafunguka, Kasereka huyo! Miwani, kipara kinaanza, lakini kovu juu ya jicho ni lile lile. Akainama, "Jambo mama mukwe." Kisha akaniangalia vizuri, uso ukamubadilika. Alinijua. Alikaa na wajomba zake wenye alikuja nao, akakula samaki wangu wa Vitshumbi kama mutu mwenye hana deni na mutu.

Alipoenda kwenye choo cha inje, miguu yangu ikamufuata yenyewe. Nikafunga. Nikasimama pale, mikono kwenye kiuno. Wapendwa, sitawadanganya: nilisikia utamu! Nilingoja apige kelele, aaibike mbele ya wajomba. Hakupiga. Alipiga hodi mara moja, polepole, akasema, "Mama, niko hapa. Utafungua wakati utapenda." Nilimuacha mpaka chai ikapoa. Kutoka, shati limelowa jasho, alisema tu, "Aksanti," akarudi kukaa. Wajomba wakamuuliza kama tumbo linamusumbua. Akasema ndiyo.

Wiki ile ile mudogo wangu ananisimulia akicheka, "Yaya, huyu mutu wangu ana mambo! Kila siku ya examen, mbele kengele ilie, anapita choo kwa choo, anafungua milango yote, anaita watoto. Walimu wanamucheka. Ukimuuliza sababu, hasemi."

Nilikanyaga mashine mpaka sindano ikavunjika. Kumbe anakumbuka! Miaka yote hii anakumbuka, watoto wa watu anawafungulia, na mimi hajanitafuta hata siku moja aniambie nisamehe. Wale wote wenye walisema ataishia prison walikosea, sawa. Amekuwa mutu muzuri. Lakini uzuri wake umelipiwa na nani? Si mimi?

Mahari ni Jumamosi. Kwetu, mbele ya maneno ya mbuzi, kikwembe cha mama wa musichana, kitenge chake, kinafunguliwa katikati ya watu. Mama akijifunga, maneno yanaendelea. Akikiacha chini, wageni wanarudi na mbuzi wao, na musichana anabaki na haya yake. Mama yetu hayuko, kikwembe ni changu. Nimeamua nitakiacha chini. Nitasimama nieleze yote mbele ya familia mbili, na sauti ile sikutoa mule chooni nitaitoa siku hiyo. Nafanya mazoezi mbele ya kioo. Hata robe ya kuvaa nimeshashona, nyekundu.

Shida ni jana. Mudogo wangu alikuja kujaribu nguo yake ya arusi. Alikuwa anaimba, anazunguka, anauliza, "Yaya, mama angenionaje?" Mimi nimepiga magoti chini, pini mudomoni, napima upindo. Nikainua macho kwenye kioo, nikajikuta nacheka peke yangu, nikiwaza Jumamosi. Mudogo wangu akafikiri ni furaha, akanikumbatia. Pini zikanianguka.

Nilikuwa mutoto wa kuwa masera, mimi! Tangu jana sijashona kitu.

Basi nishaurini, lakini musiniambie habari ya kusamehe, hiyo padri amekwisha kuniambia na nimechoka nayo. Niambieni hii moja tu: Jumamosi nikiacha kile kikwembe chini, nitakuwa nimemufungia Kasereka, ao nimemufungia mutoto wangu?