Jiko Hupanda Mwisho: Siku Moja na Mhamishaji wa Kaya za Askari

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Bhoke Mwita yuko uani kwenye nyumba ya kupanga huko Ngokolo, mjini Shinyanga, ameinama na kijiti mkononi, anachora nyumba kwenye vumbi. Anaipima kwa hatua za miguu yake: sebule hatua nne, chumba cha kulala hatua tatu na nusu, jiko dogo pembeni. Akimaliza anajinyoosha, anashika kiuno na kumwita mwenye kaya.

"Mama Lusia, karibu ndani. Hapana, huo ni ukuta. Pitia mlangoni."

Violeth, mwenye binti yake Lusia mgongoni, anacheka, anarudi nyuma na kuingia kwa mlango uliochorwa. Anaonyesha kitanda kitakapokaa, kisha kabati. Halafu anabadili mawazo na kukipeleka kitanda dirishani. Bhoke anaandika kwenye daftari bila kunung'unika.

"Akikihamisha hapa hatoki mtu jasho," anaeleza. "Akisubiri kukihamisha kule, tumeshachoka wote na wabebaji wameshadai soda ya pili."

Hiyo ndiyo kazi ya Bhoke, mwenye umri wa miaka 44, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Mama Rhoda. Anapanga uhamisho wa familia za askari. Jeshi humhamisha askari, naye huondoka na begi lake mgongoni siku aliyoambiwa. Masufuria, kabati, kuku na mke hubaki nyuma wakitazamana. Ndipo Mama Rhoda anapopigiwa simu.

Kwa miaka sita amehamisha kaya sitini na moja. Ada yake ni shilingi laki moja na nusu, gari na mafuta mbali. Kuna mwezi hupata kaya tatu, na kuna mwezi simu inakaa kimya hadi anarudi kukaanga vitumbua. Mchoro wa vumbini haubahatishi. Akiambiwa tu kota, yaani nyumba za kambi wanayohamia, ni za aina gani, anajua mlango uko wapi na dirisha lipi halifungi vizuri.

"Nimeishi kota saba," anasema. "Mume wangu ni askari. Mimi cheo sina, ila uhamisho wote nimeupata."

Kanuni yake kubwa haijaandikwa popote: jiko hupanda garini mwisho na kushuka kwanza. Kaya ikifika lazima ile chakula chake, kwenye sufuria yake, siku hiyohiyo. Kabla moto haujawaka, Bhoke hahesabu kwamba watu wamehama.

Leo safari ni ya kambi moja mkoani Geita, zaidi ya kilomita mia mbili. Mume wa Violeth, Koplo Donatus, alitangulia miezi mitatu iliyopita. Lusia alizaliwa baba ameshaondoka, na Violeth akasubiri arobaini ipite. Koplo hajamwona binti yake ila kwenye simu. Kesho alfajiri anakwenda mafunzoni kwa wiki sita, na leo haruhusiwi kutoka nje ya geti. Kwa hiyo ni leo jioni, la sivyo ni wiki sita nyingine.

Bahati mbaya, kabla ya kuondoka koplo alifungasha mwenyewe vitu visivyotumika kila siku. Kibarazani kuna magunia kumi na tisa, yote yameshonwa kwa uzi mnene, na kila moja limeandikwa kwa rangi nyekundu jina lake na namba yake ya jeshi. Jina lilelile, namba ileile, mara kumi na tisa.

"Alisema gunia lisilo na namba hupotea," Violeth anamtetea mumewe, ingawa sauti yenyewe haina nguvu.

Bhoke anayazunguka magunia. Anabonyeza, anatikisa, ananyanyua upande mmoja. "Hili nguo. Hili sufuria. Hili karanga, lisikaliwe na kitu." Anaweka alama ya chaki na wabebaji wawili wanaanza kupakia. Kufikia saa tatu, Fuso la dereva Stanslaus limejaa nusu na kila mtu ana furaha.

Ndipo Bhoke anaomba barua ya uhamisho inayoitaja familia. Bila hiyo, gari halipiti getini.

Violeth anapekua mkoba. Anapekua tena. Anatazama chini ya godoro ambalo halipo tena pale. "Donatus alisema ameiweka mahali salama," anasema polepole.

Anampigia, hapatikani, yuko zamu hadi mchana. Stanslaus anaangalia saa yake na kusema kwa upole kwamba wakitoka baada ya saa nne, hawezi kuahidi kufika jua likiwa bado lipo. Kupata nakala nyingine ni shughuli ya siku nzima. Violeth anakaa juu ya gunia, machozi yanamlengalenga.

"Nilishamwambia mtoto leo anamwona baba yake," anasema.

Bhoke anamtazama, kisha anaangua kicheko hadi wabebaji wanageuka.

"Mwanangu, futa machozi. Na mimi niliwahi kuambiwa mahali salama."

Ulikuwa uhamisho wake wa kwanza, miaka kumi na minane iliyopita, kwenda kambi ya kusini. Rhoda alikuwa na mwaka mmoja. Barua haikuonekana na mumewe, Sajenti Marwa, alikuwa porini kwenye mazoezi. Bhoke alikaa nje ya geti siku mbili, akimpikia mtoto uji kwa mafiga ya kuokoteza, huku vyombo vyake vikitazamwa na kila anayepita. Anakiri kwamba aliona aibu, na kwamba alilia. Marwa aliporudi, alikwenda moja kwa moja kwenye buti lake la akiba na kutoa barua.

"Askari hagusi buti la mwenzake," anasema. "Kwake hiyo ndiyo benki. Tangu siku ile nikaapa, mke wa askari asikae nje ya geti kama mimi nipo."

Anarudi kwenye magunia yaliyobaki. La tatu analibinya upande wa chini, kisha analibinya tena. Anakata uzi. Ndani, yamefungwa kwenye gazeti, mabuti mawili yanang'aa kama sahani. La kulia tupu. La kushoto lina bahasha.

"Huyu mwanaume," anasema Violeth akicheka na kulia kwa pamoja, "tutaonana."

Wanaondoka saa nne kasoro dakika tano. Wakishapita Kahama, karibu na Bulyanhulu, wanasimama kukaza kamba. Mchimbaji aliyejaa vumbi, amepakiwa kwenye bodaboda, anatazama shehena na miguu ya viti iliyoelekea juu.

"Mama, mmepata shimo la dhahabu huko mnakokwenda?"

"Tumepata baba wa mtoto," Bhoke anamjibu, na mchimbaji anawapigia makofi.

Saa kumi na moja kasoro robo, mlinzi wa geti anasoma barua, anamtazama mtoto, anainua kizuizi. Koplo Donatus amesimama mlangoni pa kota, mikono haijui ikae wapi. Hasalimii mtu. Anampokea Lusia, anamgeuza huku na huku akimkagua.

"Ana masikio ya mama yangu," anasema hatimaye, kisha anakumbuka adabu. "Shikamoo, Mama Rhoda."

"Marahaba. Barua tumeikuta kwenye buti."

"Si nilisema mahali salama?"

Jiko limeshashuka. Ugali unasongwa, na koplo anakula kwa mkono mmoja kwa sababu mwingine umembeba mtoto, na amekataa kumwachia mtu. Bhoke anautazama moto kwa furaha isiyojificha, kisha naye anaomba sahani.

Mwakani mwezi wa sita Sajenti Marwa anastaafu. Bhoke amenunua kiwanja Ngokolo kwa ada za kaya hizo sitini na moja, na nyumba ya vyumba vitatu imefika usawa wa madirisha. Uhamisho wa kwenda huko utakuwa wa nane na wa mwisho kwake.

"Hiyo sitaichora chini," anasema. "Nitaingia tu."

Na hati ya kiwanja ameiweka wapi? Bhoke anaangalia pembeni, anajaribu kujizuia, anashindwa.

"Kwenye buti la Marwa," anasema. "La kushoto."